Sekunde Nne Baada ya Onyo

Kwenye fomu, tangazo liliandikwa kuwa la sekunde thelathini. Bi Muhuri alipolisikiliza mara ya kwanza, lilikuwa thelathini kweli. Aliporudia, kompyuta ikahesabu thelathini na nne.

Jina la Bi Muhuri alipewa na wenzake katika ofisi ya kukagua matangazo, kwa kuwa kwa miaka sita hakuna tangazo la kampuni ya kubashiri mechi lililofika redioni bila muhuri wake. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha halimwahidi mtu utajiri, halirushwi saa za watoto, na mwishoni lina onyo linalosikika: cheza kwa kiasi. Yakitimia hayo matatu, anagonga muhuri. Alikuwa mkali, na ukali wake alijivunia.

Akavaa vipokea sauti tena, aisikilize ile ziada. Muziki ukaisha, onyo likasomwa mbiombio, kisha ikaja pumzi. Mtu alikuwa anahema karibu kabisa na kipaza sauti, kama anayetaka kusema neno akasita. Chumba kikaanza kunuka gundi ya viatu.

Ofisi nzima ilikuwa imekwenda kula. Harufu ile aliijua. Mdogo wake alikuwa fundi viatu, na nyumba yao ilinuka hivyo mpaka mwaka juzi, alipouza cherehani na vyombo vyake vyote, akaibashiria mechi moja pesa yote, na asubuhi yake wakamkuta amejiua.

Alilicheza tangazo mara ya tatu. Sasa sauti iliyosoma onyo haikuwa ya mtangazaji, ilikuwa ile aliyoizoea tangu ikiwa ya mtoto, yenye kigugumizi kidogo mwanzoni mwa neno, na ilisema cheza kwa kiasi, ikarudia, ikawa inarudia polepole na kwa upole kama mtu anayembembeleza mtoto alale, mpaka maneno yakaisha maana, ikabaki pumzi tupu, na ndani ya pumzi hiyo, bila kujipandisha hata kidogo, ikamwita, "Dada."

Mfagizi wa ofisi ndiye aliyemkuta, amejikunja sakafuni mgongo ukutani. Mama huyo, akishaweka ufagio, alijulikana mtaani kwao kwa kupunga watu wenye majini. Alinusa hewa mara moja tu.

"Umesikiliza nini, mwanangu?"

"Mdogo wangu, mama. Yumo humo."

"Maiti haihemi," mfagizi alinong'ona. Akainamia vile vipokea sauti vilivyolala mezani, midomo ikimcheza kwa dua. "Wewe. Nani kakuingiza?"

Jibu lilitoka humo, dogo kama mlio wa nzi. "Mimi sivunji mlango wa mtu. Kwa kijana huyo niliingia kwa muhuri. Kila nyumba nimeingia kwa muhuri. Sauti yake nimeiazima tu, mwenyewe haitumii tena."

Mfagizi akarudi nyuma hatua mbili. "Nimetoa majini ya makaburini, nimetoa ya milimani," alisema. "Hayo yaliingia kwa wizi, ndiyo maana yalitoka. Hili limekaribishwa. Haling'oki mpaka aliyelikaribisha alikatae."

Bi Muhuri akachukua fomu, akaandika: LIMEKATALIWA. Mahali pa sababu hakuwa na kifungu cha kutaja, akaandika tu kwamba tangazo lina kitu ndani. Wino ulipokauka, gundi haikunuka tena. Akapumua.

Mkurugenzi alisikiliza tangazo huku akipiga mguu kufuata muziki.

"Thelathini kamili. Onyo si linasikika?"

"Linasikika, bosi. Lakini anayelisoma ni marehemu."

Mkurugenzi alimtazama kwa huruma, na ile huruma ndiyo iliyomuumiza. "Pole sana kwa msiba. Lakini hawa wana leseni, na kanuni haisemi onyo lisomwe na nani." Akaifuta ile sababu kwa mstari mmoja, akavuta muhuri, akagonga mwenyewe. Na Bi Muhuri, aliyekuwa kwenye kamati iliyoandika kanuni hizo, ambaye alizipigania neno kwa neno, alijua hakuna kifungu kinachomzuia.

Alitoka kazini kabla ya saa, karibu akimbie, akiwaza kung'oa betri za redio ya nyumbani. Alichelewa; tangazo lilikuwa limesharushwa. Mama yake alikuwa amekaa kitandani amechana nywele, amevaa nguo yake ya kutokea, redio ameipakata. Alikuwa akitabasamu, jambo ambalo Bi Muhuri hakuwahi kuliona tangu mazishi.

"Funga mlango taratibu," mama alisema. "Usimkatishe."

"Mama, huyo si yeye."

"Nimemzaa mimi, utaniambia wewe?" Hakukasirika. Alipapasa redio kama anayepapasa kichwa cha mtoto. "Ameniomba radhi. Anasema safari hii ana uhakika."

Akatoa simu chini ya mto, akamnyooshea.

"Amenitajia timu tatu. Hebu nionyeshe, mwanangu, nibonyeze wapi."