Povu Kwenye Mashine ya Kioo

Kila likizo Mariette alitoka Kashojwa, kule kwenye kambi ya wakimbizi ya Nakivale, akaja Kakoba, mjini Mbarara, kumsaidia shangazi yake Eugénie kufua nguo za watu. Shangazi alikuwa na mashine mbili kuukuu za umeme. Moja ilifunguliwa juu. Ilijaa maji mpaka shingoni, na mti wake wa katikati ukakoroga nguo kama mwiko unaosonga bugari, ugali wa kwao. Nyingine ilikuwa na mlango wa kioo mbele. Hiyo ilikunywa maji kidogo tu, ikazinyanyua nguo na kuziangusha, pwaa, pwaa, zikajipiga zenyewe.

Asubuhi hiyo Mariette alisimamia ile ya kioo. Ndani mlikuwa na magwanda ya mume wa mteja wao Mama Enid, mwanajeshi mwenye gwaride kesho yake. Shakirah, binti wa jirani aliyefanya kazi hapo pia, alisimamia ya pili, na mdomo wake haukupumzika.

"Ona yangu, povu tele! Yako inalamba nguo tu kama mbwa."

"Nyamaza!"

"Banange! Huyo mwanajeshi atanuka mbele ya wakubwa wake."

Shakirah akabeba beseni, akatoka kuanika huku akicheka.

Mariette alichemka. Kwao Kashojwa, nguo isiyotoa povu haijafuliwa, basi. Shangazi alikuwa amekataza kabisa sabuni ya kufulia kwa mikono isiingie kwenye mashine ya kioo. Mariette akachota vikombe viwili vya sabuni hiyohiyo, akamimina kwenye kisanduku cha sabuni juu ya mashine. "Sasa ataona!"

Povu lilifunika kioo, likatokea juu, likatambaa sakafuni. Mashine ikanguruma, ikazimika. Mlango ukagoma kufunguka.

"Nani aliharibu mashine yangu?" Shangazi aliingia kama radi.

"Ni Shakirah, Tantine! Alivuta mlango kwa nguvu."

Shakirah alikuwa mlangoni na beseni tupu. "Mimi? Mwongo wewe!"

"Toka!" shangazi akamfokea Shakirah. "Nisikuone hapa tena!"

Shakirah alibwaga beseni, akaondoka.

Shangazi akachukua bisibisi. "Kama alivuta, kitasa kimevunjika. Nitaubomoa huu mlango."

Mlango wa mashine ya zamani namna ile haupatikani Mbarara nzima! Bisibisi ilipogusa kioo, Mariette akapiga kelele: "Acha, Tantine! Ni miye! Niliweka sabuni ya mikono. Mingi."

Shangazi aligeuka, macho mekundu. Akachomoa waya wa umeme, akafungua kizibo kidogo chini ya mashine, maji na povu vikamwagikia kwenye beseni. Walingoja maji yaishe. Kisha kitasa kikalia tik, mlango ukafunguka wenyewe.

"Pampu inasukuma maji, haisukumi povu," shangazi alisema huku amebana meno. "Ungesema kweli, ningeshika kizibo. Ulisema uongo, nikashika bisibisi. Hiyo sabuni utaisuuza kwa mikono yako mpaka iishe. Lakini aibu niliyomupaka mtoto wa watu, nitaisuuza na nini? Enda umulete. Na useme kweli mbele ya mama yake."

Mariette alikwenda, akasema yote. Shakirah alimsikiliza mikono kiunoni, bila kucheka.

"Nitarudi," alisema mwishowe. "Lakini mashine yako bado inalamba."

Waliporudi, Mariette aliliokota beseni alilobwaga Shakirah, akalibeba mwenyewe.