Bibi Aliyeogopa Kumbeba Mjukuu

Nyumbani kwa Agness, huko Kirushya, kulikuwa na furaha tele. Mtoto Uwimana alikuwa na miezi miwili. Mashavu yalimjaa, na akilia, majirani wote walijua. Mama mkwe, Bibi Priscila, alipika ndizi, alifua nepi, aliimba. Kazi moja tu ilimshinda. Hakumbeba mtoto.

"Mikono ina sabuni," alisema leo. Kesho yake, "Mikono ina masizi."

Agness alijua sababu. Mwaka juzi mtoto wake wa kwanza, Irakoze, alifariki usingizini akiwa na miezi mitatu. Bibi ndiye aliyemlaza mchana ule. Watu walinong'ona kwamba kuna mkono wa mtu, na Bibi alitamani iwe kweli. Heri muuaji awe mchawi kuliko awe yeye.

Asubuhi moja akaja Elick, mhudumu wa afya wa kijiji.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu ukae."

"Mbona hujampakata mjukuu?"

Bibi akakoroga chungu kisichohitaji kukorogwa. Kisha akauliza polepole, "Elick, ni mimi niliyemuua Irakoze?"

"Mama! Siku majibu ya daktari yanasomwa, ulikimbilia shambani. Leo hukimbii. Sikiliza."

Elick akaeleza. Mtoto asiyeumwa akifa ghafla, daktari na polisi hawabahatishi. Daktari aliuchunguza mwili, nje na ndani. Alitafuta jeraha, ugonjwa, hata sumu. Sampuli nyingine zilipelekwa Mwanza kupimwa. Aliuliza mtoto aliumwa lini, alinyonya saa ngapi. Halafu akataka kuona mahali alipolala.

"Nami nilikuwa nimeshafagia na kufua kila kitu," Bibi akasema kwa aibu. "Nilidhani wageni wasikute uchafu."

"Ndiyo maana alikuomba utandike upya. Ukakunja kitenge kama mtoto, ukaonyesha ulivyomlaza. Mahali pale panaeleza mambo ambayo mwili hauelezi. Ndiyo maana tunasema, pasiguswe."

"Nilimlaza kifudifudi, juu ya blanketi laini. Wangu wote saba niliwalaza hivyo."

"Ulisema kweli, na ilimsaidia daktari. Hakuona jeraha, wala ugonjwa, wala sumu. Alipokwisha kuondoa vyote hivyo, akaandika: kifo cha ghafla cha mtoto mchanga, chanzo hakikujulikana. Kulala kifudifudi, na kulala juu ya vitu laini, huongeza hatari. Lakini hakuna awezaye kusema ndicho kilichomuua. Si mchawi, mama. Wala wewe si muuaji."

Bibi akalia, kilio cha miaka miwili. Agness, aliyekuwa kando na mtoto, naye akalia, kisha akamwekea Bibi mtoto mikononi.

"Nifundishe basi," Bibi akamwambia Elick, akifuta kamasi.

"Mlaze chali, mchana na usiku. Godoro liwe gumu kidogo. Usiweke mto wala blanketi laini, na nguo isimfunike uso. Moshi ukae mbali naye."

Bibi akatoa blanketi kitandani, akatoa mto. Akamlaza Uwimana chali, akamnyoosha kijishati. Mtoto akamkodolea macho, akapiga chafya.

"Anakucheka, mama," Elick akatania.

"Acha acheke. Bibi yake nimechelewa."

Agness akachukua kikapu na jembe.

"Mama, naenda kuvuna maharage. Nitarudi kumnyonyesha."

"Unaniachia mtoto?"

"Nitamwachia nani mwingine?" Agness akasema, akashika njia ya shambani bila kugeuka nyuma.