Siku Kipepeo Alipokosa Kundi

Watoto wa darasa la tatu walimwita Mwalimu Chaki, kwa sababu sketi yake haikukosa vumbi la chaki hata siku moja. Jina hilo alilijua, na lilimchekesha. Alikuwa amefundisha miaka kumi na minane. Aliamini hakuna jambo la watoto asilolijua.

Jumatano moja aliwaambia, "Gawanyikeni makundi manne. Kila mtu aende anakotaka."

Madawati yakaburuzwa. Kelele zikapanda, kisha zikatulia. Mwalimu akainua macho, akabaki mdomo wazi. Watoto weusi tititi walikuwa dirishani. Wa maji ya kunde walikaa mlangoni. Weupe walikuwa mbele. Wale ambao wazazi wao walihamia kutoka nchi jirani walijibanza nyuma. Hakuna aliyewapanga. Walijipanga wenyewe, na walikuwa na miaka tisa tu!

Katikati alisimama msichana mmoja, amekumbatia daftari. Walimwita Kipepeo, maana hakutulia mahali pamoja. Mama yake alikuwa mwenyeji. Baba yake alitoka mbali, ng'ambo.

"Wewe huna kundi," kiranja wa darasa alimwambia. "Wewe ni nusunusu. Oneni hizo nywele, kama sufi ya mto!"

Darasa likaangua kicheko.

Mwalimu Chaki akapiga meza. "Kimya! Humu hatuzungumzi mambo ya rangi. Sisi sote ni sawa. Rudini mahali penu, mfungue vitabu vya hesabu."

Vitabu vikafunguliwa. Moyoni, mwalimu alijipongeza. Alidhani ameyamaliza.

Alhamisi Kipepeo hakuja shuleni. Ijumaa hakuja. Baada ya vipindi, mwalimu alikwenda kwao. Mama Kipepeo alikuwa fundi cherehani, na sebule yake ilijaa nguo za watu.

"Karibu, mwalimu," alisema, bila kutabasamu. "Afadhali umekuja ujionee."

Kipepeo alikuwa amekaa mkekani, amefungwa kitambaa kichwani. Mama yake akakifungua taratibu.

"Mungu wangu!" Mwalimu Chaki aliruka nyuma.

Nywele zilikuwa zimekatwa ovyo ovyo. Huku zimebaki, kule kipara. Juu ya sikio palikuwa na jeraha bichi.

"Nani kamfanyia hivi?"

"Kajifanyia mwenyewe, kwa mkasi wangu wa vitambaa. Nilikuwa mlangoni na mteja. Nilipogeuka, naona damu." Sauti ya mama ilikatika. "Nikamuuliza, mwanangu, kwa nini? Akasema, 'Nataka kundi.'"

Mwalimu akajitetea. "Lakini mama, niliwakemea papo hapo!"

"Uliwakemea, ndiyo. Mwanangu, mwambie mwalimu ulichoniambia. Usiogope."

Kipepeo aliongea akitazama mkeka. "Ulisema humu hatuzungumzi. Nikajua mimi ni jambo baya."

Mwalimu Chaki hakutafuta kiti. Aliketi juu ya rundo la nguo za wateja, na hakuna aliyemwambia ainuke.

Mwalimu mkuu aliposikia, alishika kichwa. Wiki iliyofuata akamwalika mkufunzi kutoka chuo cha ualimu, mama wa makamo, awafundishe walimu kuongoza mazungumzo ya namna hii.

Mwalimu wa michezo alinuna. "Watoto hawajui ubaguzi. Tukiutaja, ndiyo tutawafundisha."

"Hao waliojipanga kwa rangi," mkufunzi aliuliza, "nani aliwafundisha?"



Mkufunzi akamsimamisha Mwalimu Chaki katikati, kana kwamba ndiye Kipepeo. Walimu wengine wakajigawa pembeni. "Wewe huna kundi," mwalimu wa michezo akasema. Ulikuwa mchezo tu, lakini Mwalimu Chaki alijikuta amefunika nywele zake kwa mikono. Kisha mwalimu mkuu akapiga meza: "Kimya! Sisi sote ni sawa!"

"Umejisikiaje?" mkufunzi aliuliza.

Machozi yalikuwa yanamlengalenga. "Lile la kwanza liliniuma. Hili la pili limenifuta kabisa. Kumbe ndivyo nilivyomfanya mtoto wa watu!"

"Hukuwa na nia mbaya," mkufunzi alisema. "Ila ulinyamazisha darasa zima, na aliyeumia pia. Siku nyingine simamisha neno lenyewe. Sema wazi kwamba linaumiza. Mwangalie kwanza aliyeumizwa. Kisha muulize aliyelisema, bila kumfokea, amelitoa wapi."

"Na Kipepeo nimwite mbele aeleze?"

"Hapana! Usimlazimishe mtoto kuwasemea watu wote wa aina yake. Akitaka, ataongea. Na wakikuuliza usilolijua, sema hujui, ukatafute."

Kesho yake Mwalimu Chaki alirudi kwa Mama Kipepeo kumwomba radhi, yeye na mwanawe. Jumatatu Kipepeo alikuja shuleni. Mwalimu akasimama mbele ya darasa.

"Wanangu, siku ile nilikosea."

Watoto wakatazamana, macho yamewatoka. Hawakuwahi kusikia mwalimu akisema hivyo.

"Kipepeo alitukanwa, nami nikawaambia mnyamaze. Leo tutazungumza. Hakuna kucheka mtu. Hakuna kumkatiza mwenzako. Asiyetaka kuongea asilazimishwe. Kiranja, neno 'nusunusu' ulilisikia wapi?"

Kiranja akainamisha kichwa. "Kwa mjomba wangu. Kwani ni tusi? Mimi nilidhani ndivyo wanavyoitwa."

"Linaumiza. Mtu hawi nusu kwa sababu wazazi wake wametoka sehemu mbili."

Hapo Kipepeo akanyoosha mkono. Hakuna aliyemwita.

"Nilijikata nywele ili nipate kundi. Lakini baba ananihesabu mzima," alisema. "Mama naye ananihesabu mzima. Kwa hiyo mimi si nusu."

Kiranja alimgeukia. "Nisamehe," alisema. "Sikujua ulijikata kwa sababu yangu."

Mwalimu alidhani yameisha. Alikuwa anataka kuwashukuru, mara mkono ukainuka nyuma kabisa. Ulikuwa wa msichana ambaye hakuwahi kuongea darasani tangu mwaka uanze.

"Mwalimu, hata mimi kuna jina wananiita."

Mkono mwingine ukainuka. Halafu mwingine. Mwalimu Chaki alihesabu tisa. Miaka kumi na minane! Wangapi walikaa mbele yake wamenyamaza?

Alivuta kiti, akaketi katikati yao.

"Tuna muda," alisema. "Nani aanze?"