Sufuria Zilizojiosha

Siku zile nyumba yao iliamka kwa sauti moja. Kabla Baba hajakohoa chumbani, kabla jirani hajafungua lango lake lenye kelele, ilisikika kutoka jikoni: kwaru, kwaru, kwaru. Kisha maji yalimwagwa, na redio ndogo ikaanza kunong'ona habari za asubuhi. Kijiko aliisikia sauti hiyo akiwa bado ndani ya shuka, nusu macho nusu usingizini, akajikunja vizuri zaidi. Hakuwahi kujiuliza inatoka wapi. Kwake ilikuwa ni asubuhi tu, basi.

Jina la Kijiko alipewa na Bibi, mama yake Baba, kwa sababu tangu anatambaa alikuwa hawezi kuona kijiko kimetoka kwenye sufuria bila kukilamba. Jina likamganda hadi shuleni. Baba alikuwa seremala, na karakana yake ilikuwa uani, ndiyo maana hata chumvi ya nyumba ile wakati mwingine ilikuwa na unga wa mbao. Mama alikuwa muuguzi, wiki hii zamu ya mchana, wiki ile zamu ya usiku. Kaka alikuwa sekondari, na alikuwa ameota ndevu chache ambazo alizikagua kwenye kioo kila asubuhi kana kwamba zingeweza kutoroka.

Mama akiwepo, yeye ndiye aliyepika. Akiwa zamu, Bibi alishika mwiko. Vyombo vya jioni vilikuwa vya Kaka na Kijiko, leo huyu, kesho yule. Mama ndiye aliyeupanga utaratibu huo, na ukiuangalia harakaharaka ungesema hauna kasoro.

Lakini watoto hao walikuwa na dawa yao, nayo iliitwa kuloweka. Sahani na vikombe waliviosha vizuri, hawakuwa watoto wabaya. Ila sufuria ikiwa na ukoko, au kikaango kimeganda mafuta, walimimina maji, wakatia sabuni kidogo, wakakisukuma chombo pembeni.

"Umemaliza?" Baba aliuliza kutoka sebuleni.

"Nimemaliza, Baba. Iliyobaki nimeiloweka."

"Vizuri. Asubuhi itakuwa imelainika."

Na kweli, asubuhi sufuria ilikuwa inang'aa, inaning'inia kwenye msumari wake. Baba mwenyewe, akishapasha chakula chake cha mchana, aliloweka. Mama akirudi amechoka, aliloweka. Nyumba nzima iliamini kwamba maji na sabuni vikipewa muda vinafanya kazi yote, na Kijiko aliwahi kumwambia rafiki yake darasani kwamba sufuria za kwao zinajiosha.

Bibi alicheka tu. Alikuwa na kigoda chake jikoni, karibu na dirisha, na kutoka hapo alimtania Kaka kila jioni. "Jamani, huyu mume wangu," alisema, "nimeolewa na mwanamume asiyejua hata sifongo inakaa wapi. Nikifa leo atakula kwenye kifuniko." Kaka naye alijibu kwamba mke wake ana maneno mengi, na jikoni palijaa kicheko.

Ndipo Shangazi, dada mkubwa wa Baba, alipokuja kuwatembelea. Shangazi alikuwa mshonaji wa nguo, na macho yake yalizoea kutafuta uzi uliokosea njia. Bibi alipompa kikombe cha chai, Shangazi hakukitazama kikombe, alitazama mkono. Vifundo vya vidole vilikuwa vimevimba, na ngozi ilikuwa imechubuka.

"Mama, mikono imekuwaje?"

"Uzee tu, mwanangu."

"Uzee hauchubui ngozi. Hii ni mikono ya mtu anayesugua vyombo kila siku." Akamgeukia Baba. "Mdogo wangu, mama yetu anafanya kazi gani hapa?"

"Dada, hafanyi kazi yoyote nzito," Baba alijibu, na alikuwa anasema kile alichokiamini. "Anapika siku chache tu. Vyombo wanaosha watoto."

Shangazi hakubishana. Alifunga nguo za Bibi kwenye begi, akamwambia wifi yake kwa upole kwamba anamchukua mama akapumzike. Bibi hakutaka, lakini mikono ilikuwa inauma na alishindwa kuificha. Akiwa mlangoni alisema, "Kigoda changu msikihamishe," kisha akaondoka na redio yake kwapani.

Kesho yake Kijiko alichelewa kuamka. Hakujua kwa nini, ila alihisi kama nyumba imesahau kufanya jambo fulani. Alipoingia jikoni, sufuria aliyoiloweka jana ilikuwa palepale. Maji yalikuwa ya kijivu, utando juu, na ukoko chini haukuwa umesogea hata kidogo.

"Kaka, hukuosha sufuria."

"Zamu ilikuwa yako."

"Mimi nililoweka."

"Basi subiri ijioshe," Kaka alisema, akaendelea na ndevu zake.

Haikujiosha. Jioni ile Kaka alipikia sufuria nyingine, akaiunguza, naye akailoweka. Baba akaloweka kikaango. Kila mtu alipita jikoni akitazama upande mwingine, na kila mtu alikuwa na uhakika kwamba sehemu yake ameifanya. Sufuria zikaisha msumarini moja baada ya nyingine, hadi asubuhi moja Mama aliporudi kutoka zamu ya usiku, njaa inamuuma, akamkuta Baba amesimama mbele ya birika la chai akilichungulia kwa wasiwasi.

"Unafanya nini, Baba Kijiko?"

"Nachemsha mayai."

"Kwenye birika?"

"Sufuria zimelowekwa."

Mama aliketi kwenye kigoda cha Bibi, na viatu vya kazi miguuni. Alicheka mpaka akajishika mbavu, kisha kicheko kikageuka na akajifuta macho kwa kiganja. Mayai yalikuwa yamenasa ndani ya birika na hakuna aliyejua namna ya kuyatoa.

"Zote hizi," alisema polepole, akizitazama sufuria, "siku zote alikuwa anaziosha nani?"

Baba aliendelea kuchungulia birika lake. Lakini Kijiko, aliyekuwa mlangoni na sare ya shule, alisikia kimya cha jikoni, na hapo hapo akaikumbuka sauti. Kwaru, kwaru, kwaru. Machozi yalimjaa. Asubuhi zote zile alizojikunja kwa raha ndani ya shuka, raha yake ilikuwa inatoka kwenye vidole vya Bibi.

"Bibi," alisema. "Ni Bibi."

Jumamosi Baba alimpeleka Kijiko kwa Shangazi. Walimkuta Bibi dirishani, mikono imepakwa dawa, redio inaongea peke yake. Kijiko alimkumbatia muda mrefu.

"Bibi, kwa nini hukutuambia?"

"Mwanzoni nilipenda," Bibi alisema. "Asubuhi ile ilikuwa yangu, mimi na redio yangu, nanyi mmelala salama. Baadaye mikono ikaanza kuuma. Lakini mlikuwa mmeshazoea, nami nikaona haya kusema nimeshindwa na sufuria." Akatabasamu. "Ile kubwa yenye mpini uliolegea haijambo?"

"Haijambo. Bibi, utarudi lini? Jikoni hapakaliki bila wewe."

Bibi alimtazama Shangazi, na Shangazi akaweka sindano chini. "Nitasema wazi, ili pasiwe na chuki baadaye. Mama anapapenda kwenu kuliko hapa, najua. Lakini akirudi leo, kesho alfajiri atakuwa ameinama kwenye beseni. Siku nitakayoona nyumba ile inajiendesha bila mikono yake, nitamrudisha mwenyewe. Kabla ya hapo, hapana."

Walipofika nyumbani Baba alizitoa sufuria zote uani, akakunja mikono ya shati, na familia nzima ikasugua kwa mchanga na majivu mpaka jua likawachoma visogo. Kaka alilalamika kwamba kucha zake zimeharibika. Mama akamwambia azihesabu pamoja na ndevu.

Jioni walikaa kupanga upya. Baba alipendekeza kila mtu awe na siku yake, mambo yawe sawasawa.

"Hayawi sawasawa," Mama alisema. "Wiki ya usiku mimi nalala mchana. Halafu tazama, anayepika kwa sufuria moja na anayechafua jiko zima wote wanasema wamepika."

Kaka alikuna kichwa, maana aliyechafua jiko zima alifahamika.

"Na kuloweka," Kijiko alisema kwa sauti ndogo. "Tatizo letu ni kuloweka. Mtu akiloweka anasema amemaliza, kumbe amemwachia mwingine. Mimi nataka aliyeloweka ndiye amalizie. Siku hiyohiyo."

Baba alimtazama bintiye kama fundi anayekagua ubao ambao hakujua ni mzuri. Wakakubaliana. Wiki ya Mama ya usiku, Baba atapika, hata kama watakula mayai mpaka waimbe kama kuku. Anayepika ataosha sufuria zake akiwa bado jikoni, na sahani zitakuwa za mwingine. Anayeloweka atarudi kumalizia.

Usidhani walibadilika wote mara moja. Baada ya muda mfupi harufu mbaya ilianza kuzunguka jikoni. Mama alipanguza kila kona, Kijiko akamwaga takataka, harufu ikabaki. Hatimaye Baba alisogeza pipa la maji, na nyuma yake palikuwa na kikaango kilicholowekwa, kimeota ukungu.

Kaka alitazama chini. "Ni changu. Nilikuwa na mechi, nikasema nitarudi. Kisha nikaona aibu kukitoa."

Mama hakumgombeza. Alimpa kikaango mikononi na kipande cha sabuni. Kaka alikisugua hadi jioni, na kuanzia siku hiyo hakuna aliyeosha vyombo kwa makini kama yeye, ingawa alifanya hivyo huku akipiga mluzi ili isionekane kwamba anajali.

Kisha siku moja, wakiwa wametoka kula, Shangazi aliingia bila hodi ndefu. Alisalimia, akapita moja kwa moja hadi jikoni. Alifungua kabati la vyombo, akachungulia nyuma ya pipa, akapitisha kidole kwenye meza. Halafu akasimama mbele ya beseni. Ndani yake mlikuwa na sufuria kubwa yenye mpini uliolegea, imelowekwa.

"Nilijua," alisema, na uso wake ukaonyesha kwamba angefurahi zaidi kama asingejua. "Mama atabaki kwangu."

Kijiko hakukimbilia kujitetea. Alikunja mikono ya gauni.

"Hiyo ni yangu, Shangazi. Leo nimepika mimi na ukoko ukanishinda, nikaiacha ilainike wakati tunakula. Sasa namalizia."

Alimwaga maji, akachota majivu, akainama. Mikono yake ilikuwa midogo na sufuria ilikuwa kubwa, na mara mbili ilimteleza. Kaka alisogea kusaidia. Kijiko akatikisa kichwa, akaendelea. Shangazi alisimama pale muda wote huo, mpaka sufuria ilipong'aa na Kijiko akaitundika kwenye msumari kwa kujinyoosha kwa vidole vya miguu.

"Wifi," Shangazi alimwambia Mama, "chai ipo?"

"Ipo."

"Ongeza kikombe. Mama yuko langoni, anasubiri nimwite."

Kijiko hakusubiri mtu amwite mtu. Alitoka mbio na mikono yenye majivu, na gauni jeupe la Bibi likapata alama ambazo hazikutoka kirahisi.

Asubuhi iliyofuata Bibi aliamka mapema kama alivyozoea. Alikaa kitandani, akatafuta kanga yake, kisha akatulia. Kutoka jikoni ilisikika sauti: kwaru, kwaru, kwaru. Alikwenda taratibu, redio kwapani, akamkuta Kijiko anasugua sufuria ya uji na Baba anapanga vikombe. Mkono wake ulinyooka wenyewe kuelekea beseni.

"Bibi, kaa," Kijiko alisema. "Kigoda chako hakijahamishwa."

Bibi aliketi. Kwa muda alisikiliza tu, mikono imetulia mapajani, na macho yake yakalowa.

"Miaka yote hiyo nilikuwa napiga ngoma hii," alisema, "sikuwahi kuisikia nikiwa kitandani. Kumbe ni tamu hivi. Ndiyo maana mlikuwa mnalala sana." Akamvuta mjukuu wake karibu. "Sikiliza, Kijiko. Kazi ya nyumba ukiiacha njiani haipotei, kuna mtu anaiokota. Ukitaka kusema umemaliza, geuka kwanza utazame ni nani uliyemwachia. Na mimi pia nilikosea. Mtu akichoka aseme, wenzake si wachawi wajue yaliyomo moyoni mwake. Tukifanya hivyo, hakuna atakayehama."

"Nimesikia, Bibi."

"Vizuri. Sasa yule mume wangu yuko wapi?"

"Amelala," Baba alisema. "Juzi alipika, akaosha sufuria zake zote, na jana akaosha sahani. Leo ni siku yake ya kupumzika."

"Mwacheni alale," Bibi alisema, akawasha redio kwa sauti ndogo. Kijiko akarudi kwenye beseni, kwani chini ya sufuria ulikuwa umebaki ukoko kidogo.