Namba za Macho ya Mtu Mwingine

Fundi wa miwani alikuwa na mkono wa birika, na aliyeumia zaidi ni mkewe. Mke huyo, mshonaji, alipolalamika kwamba tundu la sindano limeanza kumkimbia, mumewe hakumpeleka kwa daktari wa macho. Alifungua droo ya miwani ambazo wenyewe hawakurudi kuzichukua, akampa moja.

"Jaribu hiyo. Ya bure, usideke."

Mke akaivaa, akatunga uzi mara moja. "Naona, mume wangu! Mpaka vumbi naliona!"

Fundi akacheka, kisha kicheko kikamkauka. Cheti cha vipimo kilikuwa bado kimefungwa kwenye fremu, na kusoma vyeti ndiyo kazi yake: alama ya kujumlisha ni ya asiyeona karibu, ya kutoa ni ya asiyeona mbali. Mkewe alihitaji kujumlisha. Hapa macho yote mawili yalikuwa ya kutoa, tena namba kubwa za kumtia mtu kizunguzungu. Akamkumbuka na mteja mwenyewe, bwana mrefu aliyeinama kupita mlangoni, asiyepepesa macho hata kidogo. Lakini cha bure ni cha bure, akanyamaza. Aibu yake.

Nyumba ikaanza kunuka nywele zilizoungua. Mke akawa hapepesi macho. Kila alipopita mlangoni aliinama, naye alikuwa mfupi wa kupanda kiti kila akitaka kitu kabatini. Mashine ya kusagia lenzi, waya wake ukiwa umechomolewa, ilikwaruza mchana kweupe.

Hatimaye woga ukaushinda ubahili, akampeleka kwa daktari. Daktari alimpima, akarudia, akaandika. Fundi akaviweka vyeti viwili sambamba: jicho la kulia sawa, la kushoto sawa, na hata umbali kati ya mboni, ambao kwa mtu mzima haubadiliki, ulikuwa wa yule mteja.

"Mara ya kwanza alipimwa na nani?" daktari akauliza kwa sauti ya chini.

"Hakupimwa, daktari. Nilimvisha tu."

Walipofika nyumbani alimvua miwani kwa nguvu, akaipiga chini, akaisaga kwa kisigino huku akilia na kumwita mkewe kwa majina yote ya mapenzi aliyokuwa ameacha kumwita miaka mingi, na harufu ikizidi, na mashine ikikwaruza chumba cha pili, na yale macho makavu yakimtazama kutoka juu, juu kabisa, ingawa mwanamke alikuwa amekaa kitini.

"Mke wangu yuko wapi?" akanong'ona.

"Yumo humu ndani," ikajibu sauti nzito, kwa upole. "Anapapasa kuta. Haoni kitu. Tangu siku ile uliyomvisha, anakuita wewe."