Spika Mpya za Nicanor

Rafiki yangu Nicanor alinisimulia jambo hili mara moja tu, na hajataka kulirudia.

Alikuwa anakwenda Homa Bay kumchukua dada yake Roselyn mochari, amlete azikwe kwake karibu na Migori. Spika za pickup yake zilikuwa zimepasuka, naye alitaka nyimbo za kanisa zimsindikize vizuri. Akapitia kwanza kwa fundi Angwenyi pale Suna.

"Hizi zako, mzee, zinaimba au zinakohoa?" Angwenyi aliuliza, akafunga mpya milangoni.

Wakati wa kurudi, Lynnet, binti wa marehemu, aliketi mbele. Kwetu msindikizaji humwambia marehemu kila mahali wanapofika, ili asibaki njiani. Mimi nilipomsindikiza marehemu mke wangu, nilimtajia hata madaraja.

"Mama, tumefika Rongo," Lynnet alisema.

Wimbo ukakatika. Katika spika ya mlango wake, sauti ya Roselyn ikajibu, "Mimi bado niko Homa Bay."

Nicanor alisimamisha gari, wakafungua jeneza. Alikuwa ni yeye, katika gauni alilochaguliwa na Lynnet.

"Mjomba, turudi?"

"Turudi kumchukua nani? Si huyu hapa."

Aling'oa nyaya zote za redio, wakaendelea na safari. Walipofika Awendo, Lynnet hakumtajia mama yake. Spika ikakwaruza kidogo mlangoni. Sauti ilikuwa ileile, ila sasa ilitoka mbali zaidi.

"Lynnet, mbona umeacha kuniita?"