Uzi wa Udongo Chemchemini

Kila asubuhi Leticia alishuka chemchemini na ndoo yake. Katika kitongoji chao, nje kidogo ya Songea, maji yalitoka kwenye mwamba wa mchanga, yakateleza juu ya mstari wa udongo wa kijivu mwembamba kama ukucha, kisha yakadondokea kwenye mfereji wa bati. Alisali Salamu Maria tano, ndoo ikajaa.

Jumatatu moja alihitaji udongo laini wa kufinyangia chungu, kazi ya shule ya wiki iliyofuata. Ule mstari ulimvutia. Akauchokoa kwa msumari mpaka ukaisha. Chungu kilitoka kizuri mno, akakiweka uvunguni mwa kitanda kikauke.

Kesho yake Salamu Maria tano ziliisha, ndoo haijafika nusu. Ijumaa yakabaki matone.

"Ni Makarius huyo, na bustani yake huko juu!" Mama Aidan alifoka. "Kayachepusha! Kabichi zake zinanenepa, sisi tunalamba bati!"

Kina mama walicheka, lakini hasira ilikuwa ya kweli. Wakakubaliana: Jumapili, Misa ikiisha, wazing'oe kabichi zote. Babu Makarius, mchimba visima wa zamani, alikuwa akiishi kwa bustani ile.

Leticia aliyasikia yote; jioni akausukuma ugali pembeni.

"Tangu juzi hata ukisali unameza maneno," alisema bibi yake, Bibi Notburga, aliyekuwa akimtazama. "Una nini?"

Leticia akaeleza yote huku akilia. Bibi hakugomba.

"Kesho asubuhi utamwambia Babu Makarius mwenyewe."

Kulipokucha wakapanda bustanini.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu."

"Maji... ni mimi. Nilichokoa udongo wa pale mwambani."

Babu Makarius akashuka nao hadi chemchemini, kina mama wakiwa wamepanga ndoo. Akapapasa ufa ulioachwa na ule udongo.

"Mwamba huu una vitundu ambavyo jicho halivioni. Unakunywa maji," alisema. "Udongo ndio ulioyazuia yasizame. Ulipotoka, yakapata njia ya chini."

"Jiwe lote hili, lishindwe na kaudongo kama ukucha?" Mama Aidan aliuliza.

"Ndiyo, mama. Sasa tupate udongo kama ule."

Leticia akatimua mbio nyumbani, akarudi amekumbatia chungu chake. "Bado hakijachomwa," alisema, akakizamisha ndooni. Kikalainika taratibu, mdomo kwanza, mpaka kikawa tope. Yeye na babu wakalishindilia ufani kwa vidole.

Jumapili baada ya Misa, ndoo ilijaa kwenye Salamu Maria ya sita.

"Babu Makarius," Mama Aidan aliita, macho chini, "kabichi moja unauzaje?"

"Kwako wewe, ghali!"

Wote wakaangua kicheko.

Njiani Bibi Notburga alimshika Leticia mkono. "Kosa lako lilikuwa dogo, mjukuu wangu. Lakini ungelificha, mzee angepoteza bustani nzima. Ukikosea, sema mapema."

"Na chungu cha kesho, bibi?"

"Utamweleza mwalimu ukweli. Kinywa si umeshakizoesha?"